Mashini haitoki jasho



Mwezi wa tisa, siku ambayo maji ya mfereji yalifunguliwa, tulifika kwenye koperative moja ya mpunga katika bonde la Ruzizi, si mbali na barabara inayotoka Uvira kwenda Kamanyola. Wakulima walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mfereji, kila mmoja akingojea zamu ya shamba lake. Motokilteri, ile mashini ya magurudumu mawili ambayo mtu anaiongoza kwa mikono akitembea nyuma yake, ilikuwa imesimama katikati ya matope. Injini ilinguruma vizuri. Lakini shofere akitia vitesi, haiendi. Ndani ya bwati ya vitesi kulikuwa kunalia kama mawe ndani ya sufuria.

Tulifungua bushoni ya chini. Mafuta yaliyotoka hayakujaza hata kikombe cha chai. Na hayakuwa tena na rangi ya mafuta. Yalikuwa meupe-meupe kama maziwa yenye kuchanganywa na majivu, na ukiyasugua kati ya vidole unasikia mchanga. Haukuwa mchanga. Ilikuwa chuma, meno ya bwati yenyewe yenye kusagwa.

Shofere akatuambia pole pole: «Tangu mwezi wa tatu ilikuwa inatona mafuta. Nilisema kwa komite. Walinijibu, hiyo ni jasho tu, mashini iko inatumika sana.»

Mzee prezida hakukataa. «Kweli tulisema vile. Kila asubui tulikuwa tunaongeza kidogo. Na mashini ilikuwa inatembea.»

Msimu ule walilima na jembe. Wenye franga walikodisha mashini ya watu wengine. Wajane na vijana wasio na kitu walipanda wa mwisho, na mpunga wao ulipotaka maji sana, maji yalikuwa yamekwisha kupunguka. Kile kilichoharibika mwezi wa tatu kilikuwa kiringi kidogo cha kampira, ambacho bei yake ni ya dola chache. Mwezi wa tisa, fundi wa Uvira aliomba mamia ya dola kwa kurudisha bwati, na koperative haikuwa nazo.

Njo maana tunaandika leo. Hatuandike juu ya mbegu wala mbolea. Tunaandika juu ya tone la mafuta, kwa sababu tumeona mara nyingi kwamba mashini ya koperative haikufe siku moja. Inakufa tone kwa tone, mbele ya macho ya watu wote, na kila mtu anajiambia kwamba kuna mwingine atakayeshugulika.

Tone ni dogo, lakini halilale

Bwati ya vitesi inafanya kazi gani? Inapokea mbio ya injini na kuigeuza kuwa nguvu ya magurudumu. Ndani kuna vyuma vyenye meno vinavyosukumana, na rulema zinazobeba mihimili. Vyuma hivi vinaogelea ndani ya mafuta. Mafuta yanaweka ngozi nyembamba kati ya chuma na chuma, yanapunguza moto, na yanazuia kutu. Mafuta yakishuka, meno ya juu yanazunguka makavu. Moto unapanda, chuma kinasagana, na ule unga wa chuma unazunguka ndani na kuendelea kusaga vyuma vingine. Shofere hatasikia kitu kwa wiki mingi. Akisikia kelele, saa imepita.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawafikirie. Tundu linalotoa mafuta linaingiza maji. Kwenye shamba la mpunga, bwati inapita ndani ya matope na maji saa mingi. Ikiwa moto inatema mafuta, ikipoa inavuta maji. Kwa hiyo mafuta meupe kama maziwa ni alama kubwa. Yanasema: maji yameingia. Hapo hakuna kuongeza. Sherti kumwaga yote, kuziba fasi inayovuja, na kutia mafuta mapya.

Na la tatu: yale mafuta yanaenda wapi? Yanaenda kwenye maji ya shamba, kisha kwenye mfereji, na kwenye ule mfereji kuna mama anayechota maji, kuna bata, kuna mtoto anayeoga. Tone moja la mafuta linatandaa juu ya maji kama shuka. Sisi tunaofundisha wakulima kutunza udongo hatuwezi kunyamaza juu ya jambo hili.

Tafuta tundu, usitafute bido ya pili

Katika mkutano mmoja, mama mmoja anayeuza mawese alisikia komite ikibishana juu ya kununua mafuta mengine ya kuongeza. Alisema: «Bido yangu ya mawese ikivuja, mimi sitafute bido ya pili ya kukinga. Natafuta tundu.» Watu walicheka, lakini hakuna injenieri angesema vizuri kuliko yeye.

Basi, ginsi gani ya kutafuta tundu? Kazi hii haiombi garaji kubwa. Zima injini, acha ipoe, weka mashini kwenye fasi ya sawa, itegemeze na miti ya nguvu isiangukie mtu. Osha bwati yote, toa matope na mafuta ya zamani, ipanguse mpaka ikauke. Kisha nyunyizia unga kidogo wa muhogo ao majivu laini fasi zote unazoshuku. Weka karatoni chini. Tembeza mashini kidogo, kisha ilaze usiku. Asubui unga utakuonyesha njia: fasi ya juu kabisa yenye kulowana njo fasi ya tundu. Usidanganywe na fasi ya chini. Mafuta yanashuka kama maji ya mvua kwenye ukuta, na tone linaangukia mbali na tundu.

Mara mingi utakuta moja ya mambo haya.

Bushoni ya kumwagia mafuta imelegea, ao kile kiringi chake cha shaba kimechakaa. Badilisha kiringi, kaza kwa kiasi. Ukikaza sana unaharibu uzi wa bwati, na hapo umejiletea shida ingine.

Kifuniko cha bwati kinatoa mafuta kwenye maunganiko. Karatasi iliyo kati imepasuka, ao bulo zimelegea. Safisha pande zote mbili, tia karatasi mpya, kaza bulo kwa kupishanisha: moja huku, moja ngambo, kama unavyofunga gurudumu la motokari. Usirundike gundi. Gundi nyingi inaingia ndani na kuziba njia ya mafuta.

Tundu la kupumulia limezibwa na matope. Hili ni dogo na watu wanalisahau. Bwati ikipata moto, hewa ndani inapanuka. Kama haina fasi ya kutokea juu, itasukuma mafuta kupitia fasi yoyote yenye uzaifu. Tumeona komite ikinunua vipande bure, na shida yote ilikuwa tope kavu kwenye kitundu cha kupumulia. Lifungue na waya, lisafishe, kisha uangalie tena mbele ya kutumia hata franga moja.

Mafuta yametiwa kupita kipimo. Wengine wanafikiri kwamba mingi ni muzuri. Hapana. Mafuta yakizidi, yanafanya povu, yanapata moto na kutafuta njia ya kutoka. Angalia kipimo injini ikiwa imezimwa na mashini ikiwa sawa, si kwenye mteremko.

Na mwisho, ile inayotokea mara mingi kuliko zote: spi, kile kiringi cha kampira chenye mdomo kinachokumbatia mhimili fasi unapotokea inje ya bwati.

Kwenye koperative ingine, karibu na milima, mafuta yalikuwa yanatokea kwenye gurudumu la kushoto. Fundi alitoa gurudumu. Nyuma yake tulikuta uzi wa nailoni, ule wa kushona mifuko ya mpunga, umejizungusha pamoja na majani makavu mpaka ukawa mgumu kama kamba. Kila mzunguko ulikuwa unaguguna mdomo wa spi. Hakuna mtu aliyeharibu kwa kusudi. Mtu alifungua mfuko wa mbegu shambani, akatupa uzi, na mashini ikauokota. Spi mpya iliwekwa, kazi ya nusu siku, na mashini ilimaliza msimu. Leo katika koperative ile, mtu akifungua mfuko, uzi unaingia mfukoni mwa suruali yake. Hii njo sheria yao, na haikuandikwa na mradi wowote.

Ukinunua spi, usiseme tu «nipe spi ya motokilteri». Juu ya spi ya zamani kuna nambari tatu, kwa mfano 35-52-10. Ya kwanza ni unene wa mhimili, ya pili ni upana wa fasi spi inapokaa, ya tatu ni kimo chake, zote kwa milimetri. Andika nambari hizi kwenye kifuniko cha daftari ya mashini. Siku unamtuma mtu Uvira, Bukavu ao Bujumbura, hatarudi na kitu kisichoingia. Na wakati wa kuiweka: paka grisi kwenye mdomo, upande wenye ka-resori kadogo uelekee ndani kwenye mafuta, isukume sawasawa na kipande cha mti ao bomba, usiipige nyundo upande mmoja. Kama mhimili uko na kona zinazokata, uzifunge kwanza na plastiki ili zisipasue mdomo.

Kama spi mpya inaanza kutona tena kisha wiki chache, usimlaumu muuzaji mbio. Shika gurudumu, litikise juu na chini. Kama mhimili unacheza, rulema imekufa, na hakuna spi itakayodumu. Badilisha rulema kwanza.

Tunajua kwamba wakati mwingine njia imefungwa na kipande hakipatikane wiki hiyo. Basi unaweza kuongeza mafuta na kumaliza kazi ya haraka. Lakini kwa mapatano matatu: kiwango kinaangaliwa kila asubui, mafuta ni yale kitabu cha mashini kinaomba, si mafuta meusi yaliyotolewa kwenye injini ya gari, na siku ya kutengeneza imeandikwa kwenye daftari. Kuongeza bila tarehe ya kutengeneza njo ile njia iliyoua mashini ya mwezi wa tisa.

Kosa letu sisi

Hatuwezi kulaumu komite peke yake. Sisi agronomu tulitoka kwenye instituti ya kilimo tukijua kuhesabu mbolea kwa hektari na kutambua magonjwa ya muhogo kwenye jani. Bwati ya vitesi hatukuifungua hata siku moja. Tulipoleta mashini, tulileta pia bendera na mpiga picha. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, na nusu ya siku ile ilikuwa ya hotuba. Kitabu cha mashini kilikuwa kwa luga ambayo hakuna mtu kijijini aliyeisoma. Hatukuacha spi hata moja ya akiba. Kisha tuliandika kwenye ripoti kwamba mashini «imetolewa». Kweli ilitolewa. Lakini kutoa mashini bila kutoa ujuzi wa kuitunza ni kama kumpa mtu ng'ombe bila kumwonyesha fasi ya majani.

Tunaomba wenzetu wa miradi wasikie hili pia. Mashini inayofuata iende na sanduku la vipande vidogo, spi, karatasi za kifuniko, viringi vya bushoni, na fundi mmoja kijana wa palepale kijijini mwenye kufundishwa mpaka anaweza kufungua na kufunga bwati akiwa peke yake. Kama franga haitoshi kwa yote mawili, afazali mashini moja yenye fundi kuliko mashini mbili bila fundi.

Mashini ni ya nani?

Baada ya kusema kosa letu, turuhusuni kuuliza la kwenu. Katika ile koperative ya kwanza, mtunza franga alituambia neno ambalo tumelisikia fasi mingi: «Mashini ni ya mradi. Ikikufa, wataleta ingine.»

Ndugu zetu, hakuna neno linalokula mashini kuliko hili. Mradi una mwisho ulioandikwa kwenye karatasi. Siku mradi unafunga, gari zinapanda njia ya Bukavu na hazirudi. Anayebaki na shamba lisilolimwa ni ninyi. Mali ambayo kila mtu anasema si yake, tone lake la mafuta halina wa kuliona.

Kuna wanaosema kwamba mali ya wote haiwezi kudumu, kwa hiyo mashini ipewe tajiri mmoja na wengine wakodishe kwake. Hatukubaliane nao. Siku tajiri anapandisha bei katikati ya msimu, mjane atalima na jembe. Lakini wana sehemu ya kweli: mashini sherti iwe na jina la mtu. Komite ya watu saba haiwezi kuangalia kipimo cha mafuta asubui. Chagueni mtu mmoja. Mumpe daftari, mumpe ufunguo, na mumlipe kitu kidogo kwa kila siku ya kazi. Asubui anaandika kiwango cha mafuta, fasi iliyolowana, saa za kulima. Akisema kwamba kuna tone, mashini inasimama mpaka fasi ya tundu ijulikane, hata kama shamba linalofuata ni la prezida. Kama shofere yule wa mwezi wa tatu angekuwa na haki ya kusimamisha mashini, wanamemba wangelima kwa wakati.

Sanduku ya mashini

Wengine watasema: hayo yote yanaomba franga, na sisi tuko maskini, watoto wanangojea minervali, wagonjwa wako nyumbani, franga za kulimisha zikiingia, tugawanye. Tunalielewa neno hili. Sisi wenyewe tuna watoto shuleni. Lakini angalieni vizuri: franga mnazogawanya zote mwezi wa tatu, zingine kati yake hazikuwa faida. Zilikuwa mafuta, spi na rulema za kesho. Mliila mashini yenyewe, kipande kwa kipande.

Shauri letu ni hili: katika kila franga 10 ambazo mtu analipa kwa kulimiwa shamba, 2 ziingie kwenye sanduku ya mashini siku ileile, mbele ya kulipa mtu yeyote. Sanduku iwe na funguo mbili, mwenye daftari na mtunza franga, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Haifunguliwe kwa matanga, wala kwa sikukuu, wala kwa kumpokea mgeni, hata kama mgeni ni sisi.

Hili si wazo letu peke yetu. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, na ambayo inchi yetu inafuata kisha kuingia OHADA mwaka 2012, inaomba koperative iweke akiba za lazima mbele ya kugawanya faida. Akiba moja ni ya jumla, ingine ni ya mafunzo ya wanamemba. Msikubali akiba ile ya mafunzo ibakie neno la karatasi tu. Pamoja na kuwafundisha wanamemba kazi ya koperative, ulizeni katika mkutano kama mafunzo ya kutunza mashini yanaweza kuingia ndani yake.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ile koperative ya mwezi wa tisa sasa inajenga ukuta. Wanamemba walikubaliana kila mmoja kutoa sehemu ya mpunga wake, msimu kwa msimu, mpaka bwati itengenezwe. Prezida mwenyewe njo alitoa mfuko wa kwanza. Na walimchagua shofere yule yule awe mwenye daftari. Mara ya mwisho tulipopita, mashini ilikuwa bado imefunguliwa chini ya paa, lakini daftari ilikuwa imeanza. Kwenye kifuniko kulikuwa nambari tatu za spi, zimeandikwa na biki nyekundu, kubwa kabisa.

Kwa mkutano wenu mkubwa unaokuja, tunawaomba mtu mmoja asimame na kuuliza maswali matatu. Nani, kwa jina, aliangalia mafuta ya bwati asubui ya leo? Franga ngapi ziko ndani ya sanduku ya mashini? Na kama spi inakatika kesho, ya akiba iko wapi? Kama hakuna anayejibu, msiende nyumbani mbele ya kupata majibu. Kisha mtoke wote, mzee na kijana, mama na baba, muende kuangalia chini ya mashini. Mkikuta fasi iliyolowana, msiseme ni jasho.